Naanza gitaa la klasiki nikiwa Mbeya: nikague nini kabla ya kununua, na wiki za mwanzo nifanye nini?

Uyole_Asubuhi

Habari za leo wadau.

Nataka kuanza gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni linalopigwa kwa vidole bila piki, kwa kusoma nota. Kodi za kuimbia ninazijua C, G, F na Am, za kukung'uta tu. Nota za mistari mitano sizijui, ila solfa ya kwaya naisoma bila shida.

Kuna gitaa lililotumika linauzwa Mwanjelwa. Muuzaji anasema ni la klasiki, na bei inaingia kwenye laki tatu niliyonayo. Nimelipima kwa rula. Pale shingo inapoanza kuingia kichwani upana ni mm 52. Kutoka hapo hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni) ni mm 325. Kwenye hiyo freti ya 12, uzi mnene kuliko wote umeinuka mm 5.5 na ule mwembamba mm 4.5. Kubonyeza ni kazi, na F haitoki kabisa.

Naomba kujua: hilo gitaa ni la kununua au niachane nalo? Nikilichukua, nianze na nini na kwa dakika ngapi kwa siku, maana mwalimu wa klasiki wa karibu sina? Na kucha ni lazima? Kazi yangu ni shamba la viazi, kucha hazidumu.

Natanguliza shukrani.

NyuziSita (Mbeya mjini)

Mkuu, umefanya vizuri kuleta vipimo, vimejibu nusu ya swali.

Kutoka juu ya shingo hadi freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi unaolia. Mm 325 mara mbili ni mm 650, ndicho kipimo cha kawaida cha gitaa la klasiki la mtu mzima. Upana wa mm 52 nao ni wenyewe. Gitaa la nyuzi za chuma huwa na kama mm 43, na hapo vidole vya mkono wa kulia havipati nafasi kati ya uzi na uzi. Kwa hiyo umbo ni la klasiki kweli. Sasa rudi dukani ukague yafuatayo kwa mpangilio huu huu, maana mawili ya mwanzo yakishindwa huna haja ya kuendelea.

Anza na nyuzi zilizofungwa. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, wa 1, hadi mnene, wa 6. Kwenye klasiki, nyuzi za 1, 2 na 3 ni nailoni tupu, zinateleza kama mshipi wa kuvulia. Za 4, 5 na 6 ndani ni nyuzi nyingi laini za nailoni, juu zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba iliyopakwa fedha. Ukigusa uzi wa 1 ukakuta ni chuma, uliza umekaa hapo muda gani. Seti ya nailoni huvuta gitaa kwa nguvu ya kama kilo 40 kwa jumla. Seti ya kawaida ya chuma huvuta zaidi ya kilo 70. Ubao wa mbele wa klasiki ni mwembamba, na magitaa mengi ya aina hii hayana fimbo ya chuma ndani ya shingo. Likifungwa chuma, shingo inapinda kuelekea mbele, ubao unavimba nyuma ya daraja (ile mbao ya mbele inayofungiwa nyuzi), na mwisho daraja lenyewe linabanduka. Hiyo mm 5.5 inaweza kuwa imetokana na hilo.

Kisha shingo. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 kwa mkono wa kushoto, na kwenye freti ya 12 kwa mkono wa kulia. Uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka. Tazama freti ya 6 na ya 7: kati ya uzi na freti zipite karatasi mbili au tatu za daftari. Sarafu ikipita, shingo imepinda. Bila fimbo ndani hakuna skrubu ya kuirudisha, na fundi akikuambia atainyoosha kwa moto, usimkubalie kwa gitaa ambalo bado hujalilipia. Liache hata bei ikishuka.

Daraja: chukua ukingo wa karatasi ujaribu kuupitisha nyuma ya daraja, pale mbao yake inapokaa juu ya ubao wa mbele. Ukiingia, gundi imeanza kuachia. Halafu gonga polepole kwa kifundo cha kidole, mbele na nyuma ya gitaa. Ukisikia kitu kinatetemeka ndani, kuna ufito uliobanduka. Hilo linagundishwa, lakini litoe kwenye bei.

Mwisho piga kila uzi kwenye kila freti, ya 1 hadi ya 12. Ni milio 72, dakika tano zinatosha. Hapo utaijua freti iliyochomoza, ambayo muuzaji hatakutajia. Kwenye freti ya 12 fanya jambo moja la ziada: gusa uzi bila kubonyeza, juu ya chuma chenyewe cha freti, uchune. Utatoka mlio kama wa kengele. Kisha bonyeza hapo hapo na uchune tena. Sauti mbili ziwe moja. Zikitofautiana, usikimbie kulikataa gitaa. Nyuzi kuukuu zinatosha kuleta kosa hilo. Omba afunge mpya.

Yakipita yote hayo, urefu wa nyuzi ni suala la mfupa wa darajani, na linarekebishika. Kipimo cha kawaida kwa klasiki, freti ya 12, ni kama mm 4 kwa uzi wa 6 na mm 3 kwa uzi wa 1. Nalo gitaa hilo lisipofaa ukaagiza jipya Dar, Yamaha C40 ina vipimo hivyo hivyo vya mm 650 na mm 52. Mwambie muuzaji alegeze nyuzi kidogo, ajaze magazeti chini ya kichwa na pande zote za shingo, na alifunge ndani ya boksi gumu. Kwenye buti la basi, kinachovunjika kwanza ni shingo pale inapokutana na kichwa.

Kuhusu F, usijipime nayo sasa. Kwenye klasiki kulaza kidole kwenye nyuzi zote sita kunakuja baada ya miezi kadhaa.

Besi_Tukuyu

Wakuu, nailoni sauti yake ndogo, kanisani haisikiki. Kwa nini asifunge seti nyepesi ya chuma, ile namba 10? Inabonyezeka kirahisi na sauti inakwenda mbali.

NyuziSita

Hapana, ndugu yangu. Hata namba 10 inafika kama kilo 60, bado ni mara moja na nusu ya kile ambacho gitaa limejengwa kubeba. Halitavunjika siku hiyo, litapinda kidogo kidogo, na mtu atadhani vidole vyake ndivyo dhaifu.

Kanisani tumia maikrofoni ya kwaya. Iweke sm 20 hadi 30 mbele ya gitaa, ielekee pale shingo inapoungana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu. Pale panatoka besi nzito, spika zinaanza kuvuma.

Nyuzi zikikosekana Mbeya kuna njia moja halali. Nailoni ya gitaa na mshipi wa kuvulia ni ndugu. Nyuzi hizi zilianza kutengenezwa New York miaka ya 1940 na Albert Augustine, wakati nyuzi za utumbo wa mnyama zilipokuwa adimu kwa sababu ya vita. Mshipi mmoja mmoja usiosokotwa, wa aina wanayouza kwa wavuvi wa Kyela na Matema, unaweza kukaa badala ya nyuzi tatu za juu: kama mm 0.70 kwa uzi wa 1, mm 0.80 kwa wa 2, na mm 1.0 kwa wa 3. Usiamini namba ya kwenye kigurudumu, pima kwa vernia, kile kipimo cha unene, tena sehemu tatu tofauti. Mshipi ambao unene wake haulingani hautatyunika kamwe, utakuwa sawa ukiwa wazi na uongo kwenye freti ya 7. Za besi hazina mbadala, ni za kununua.

Fundi_Mafinga

Nijazie upande wa mbao.

Ule mfupa mweupe unaokaa kwenye mfereji wa daraja ndio wa kupunguza. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka uzi ushuke mm 1 pale, mfupa upungue mm 2 chini. Wewe unataka kushuka mm 1.5 pande zote, ni mm 3 za mfupa. Lakini usizitoe zote kwa mara moja.

Sababu ni majira. Sasa hivi ni masika, mbao imekunywa unyevu, ubao wa mbele umevimba na kuinua daraja. Ikifika Juni hewa inakauka, na kufikia Septemba na Oktoba imekauka kweli kweli. Ubao unashuka, nyuzi nazo zinashuka bila wewe kugusa kitu. Aliyekata mm 3 mwezi wa pili ataanza kusikia nyuzi zikigonga freti mwezi wa tisa, na mfupa uliokatwa haurudi. Toa mm 2 sasa, pima tena kiangazi.

Namna ya kuutoa: legeza nyuzi mpaka zilale, usizikate. Mfupa haugundishwi, unachomoka kwa vidole au kwa koleo iliyofunikwa kitambaa. Weka alama ya kalamu upande utakaoelekea uzi wa 6, maana upande huo ni mrefu kidogo na ukigeuza umeharibu. Chora mstari wa penseli mm 2 kutoka CHINI, si juu. Juu pana umbo ambalo nyuzi zinalikalia. Bandika msasa namba 120 juu ya kioo au kipande cha vigae, sugua mfupa ukiwa wima kabisa, malizia na namba 240. Kila unaposugua mara ishirini, simama uangalie. Kitako kikiwa cha mviringo au cha mshazari, mfupa hautagusa mfereji wote, na gitaa litapoteza nusu ya sauti. Hapo watu huanza kulaumu nyuzi.

Kabla ya yote pima mfupa umechomoza kiasi gani juu ya mbao ya daraja. Baada ya kukata ubaki angalau mm 2, la sivyo nyuzi hazitaukandamiza vya kutosha. Na ule wa plastiki ukiharibika, mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchani unafaa kuliko plastiki: chemsha na sabuni ya unga ubadilishe maji mpaka mafuta yaishe, anika kivulini wiki mbili au tatu, ndipo ukate.

Kigoda cha mguu usinunue. Mwambie fundi yeyote akukatie msindano mkavu, ubao wa juu sm 28 kwa 14, upande wa kisigino sm 12 kwenda juu na upande wa vidole sm 16. Chini ya miguu apigilie vipande vya tyubu ya baiskeli. Kigoda kinachoteleza kwenye sakafu ya saruji kinakufundisha kukaza paja, na paja likikaza mgongo unafuata.

La mwisho ni mahali pa kulaza gitaa. Mbao inapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Baridi ya huku watu tunaingiza jiko la mkaa sebuleni, na gitaa limeegeshwa ukutani mita moja pembeni. Hapo ubao unapasuka kufuata nyuzi za mti, kwa kawaida chini ya daraja. Usilitundike pia juu karibu na bati. Lihifadhi ndani ya begi lake, na kiangazi weka humo kiboksi cha sabuni kilichotobolewa matundu, ndani yake sponji uliyoilowesha na kuikamua mpaka haidondoshi hata tone. Sponji ikikauka, lowesha tena.

Uyole_Asubuhi

Asante sana fundi, na wewe NyuziSita. Nimerudi dukani. Nyuzi ni nailoni. Kwenye freti ya 7 zinapita karatasi tatu, ya nne inakwama. Karatasi haiingii chini ya daraja. Mfupa umechomoza mm 5. Milio 72 yote safi isipokuwa uzi wa 3 freti ya 2, unatoa zzz.

Fundi_Mafinga

Shingo nzima, daraja zima. Mm 5 ukitoa 2 zinabaki 3, uko salama na bado una akiba ya mm 1 kwa kiangazi. Chukua.

Huo mlio wa freti ya 2 pekee, weka rula fupi iliyonyooka juu ya freti ya 2, ya 3 na ya 4 kwa pamoja. Rula ikicheza kama bembea, ya 3 imechomoza. Kama imeinuka kwenye mfereji wake, nyundo ndogo ya plastiki na kipande cha mbao ngumu vinaishusha. Rula ikitulia, sababu ni kidole, na hilo si langu.

Vidole_Vinne (Njombe)

Hilo la kidole nalichukua mimi, ila tuanze na kiti.

Kile kiti cheupe cha plastiki chenye mikono hakifai, mkono wa kiti unagonga kiwiko na kulisukuma gitaa pembeni. Tafuta kiti cha mezani au stuli ya sm 43 hadi 46, isiyo na magurudumu. Kaa nusu ya mbele. Mguu wa kushoto kwenye kigoda, wa kulia chini, umeufungua kidogo. Gitaa linagusa sehemu nne: paja la kushoto, upande wa ndani wa paja la kulia, kifua, na mkono wa kulia juu ya ukingo. Kichwa cha gitaa kiwe sambamba na macho yako. Kipimo cha kujua umekaa vizuri: ondoa mkono wa kushoto kabisa. Gitaa likidondoka, mkono huo ulikuwa unabeba mzigo usio wake, na hautaweza kuhama kwenda freti nyingine bila kushtuka.

Vidole vya mkono wa kulia vina herufi, na utazikuta kwenye kila nota, zimetoka Kihispania: p ni gumba, i ni shahada, m ni cha kati, a ni cha pete. Kidogo hakitumiki. Nafasi ya kuanzia: p juu ya uzi wa 6, 5 au 4, i uzi wa 3, m uzi wa 2, a uzi wa 1. Kidole kisogee kutoka kwenye kifundo kikubwa, pale kinapoota kwenye kiganja, na kielekee ndani ya kiganja. Wanaoanza huvuta uzi kwenda nje kama wanachomoa mwiba, ndiyo maana uzi unapiga kofi juu ya freti.

Kuna namna mbili za kuchuna. Katika apoyando kidole kikishachuna kinatua na kupumzika kwenye uzi wa juu yake. Katika tirando kinapita hewani bila kugusa uzi mwingine. Anza na apoyando kwa nyimbo za sauti moja, inakupa sauti nene na inautuliza mkono. Tirando ni kwa kodi zilizovunjwa, ambapo kila uzi unatakiwa uendelee kulia.

Wiki ya 1 na ya 2, mkono wa kushoto usiuguse kabisa. Weka metronomu ya simu, programu inayogonga mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Kila pigo mchuno mmoja, i-m-i-m kwenye uzi wa 3, kisha wa 2, kisha wa 1. Kidole kimoja kisirudie mara mbili mfululizo, hata unapohama uzi. Hii ndiyo sheria inayovunjwa kuliko zote, na ukiiacha sasa itakugharimu mwaka mzima kuirudia. Halafu p peke yake kwenye 6, 5, 4. Halafu p-i-m-a polepole. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni, basi. Saa tatu za Jumamosi hazilipi siku sita zilizopita bure.

Wiki ya 3 na ya 4 lete mkono wa kushoto, lakini anzia freti ya 5, si ya 1. Kule juu freti zimekaribiana na mkono haujanyooshwa mbali. Kidole cha 1 freti ya 5, cha 2 ya 6, cha 3 ya 7, cha 4 ya 8, kwa kila uzi. Gumba liwe nyuma ya shingo mkabala na kidole cha kati, lisichungulie juu. Kucha za mkono huu zikatwe mpaka nyamani. Ukizoea, shuka freti moja kila siku mbili mpaka ufike ya 1.

Wiki ya 5 hadi ya 8 ni muziki wenyewe. Opus 1, yaani kazi namba 1, ya mtunzi wa gitaa Mauro Giuliani ina mazoezi 120 ya mkono wa kulia, yote juu ya C na G7 tu, kodi ambazo kushoto ni rahisi; chukua kumi ya mwanzo. Kwa vipande vya kusoma, Opus 60 ya mtunzi mwingine, Fernando Sor, ni mafunzo 25 yanayopanda taratibu, na ya mwanzo ni noti moja moja. Wote wawili walikufa zaidi ya miaka 180 iliyopita, nota zao zinapakuliwa bure IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, kihalali.

Kucha. Sor alipiga kwa nyama ya kidole, rafiki yake Aguado, mpiga gitaa mwenzake, alipiga kwa kucha, na wakapiga pamoja Paris. Tárrega naye, mpiga gitaa wa Hispania aliyekuja baadaye na aliyekwishapiga kwa kucha, alizikata miaka ya mwisho. Kwa hiyo si lazima, mkuu. Kwa mkulima ningesema anza bila kucha, zikate zote sawa, maana kucha moja ndefu kati ya tatu fupi ndiyo inayoharibu mkono. Ili sauti isiwe butu, sogeza mkono kama sm 3 kuelekea daraja.

Msimu shamba likipumzika ukataka kuzijaribu: ukiangalia kiganja, ukucha uchungulie mm 1 hadi 1.5 juu ya nyama, wa gumba mm 2. Uchonge kwa kufuata umbo la ncha ya kidole. Msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari, namba 400 kwa umbo, 1000 kulainisha, 2000 kung'arisha. Ukucha wenye mikwaruzo midogo unasikika kwenye uzi kama kiatu kwenye changarawe. Usiuchonge mara baada ya kufua au kuosha vyombo, ukilowa unakuwa laini na unachanika.

Maumivu ya ncha za vidole vya kushoto ni ya kawaida, yanaisha sugu ikiota. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya chini ya kiwiko si ya kuvumilia. Simama hapo hapo, kwa sababu unabonyeza kuliko inavyohitajika. Jaribu hivi: weka kidole kwenye freti ukiwa umegusa tu, chuna mfululizo, ongeza nguvu kidogo kidogo. Mahali zzz inapogeuka kuwa sauti safi, ndiyo nguvu yote inayotakiwa.

Alto_Kihesa (Iringa)

Kamwene nyote. Naona suala la nota limerukwa, na wanakwaya wengi hukwama hapo hapo.

Kaka wa Uyole, solfa unayoisoma ni mtaji, usiitupe. Tuanze na C, ambako do ni C. Kwenye gitaa: d ni uzi wa 5 freti ya 3. r ni uzi wa 4 wazi, m uzi wa 4 freti ya 2, f uzi wa 4 freti ya 3. s ni uzi wa 3 wazi, l uzi wa 3 freti ya 2. t ni uzi wa 2 wazi, na d' ya juu uzi wa 2 freti ya 1. Imba huku unapiga. Sikio la mwanakwaya litakuambia umekosea freti kabla macho hayajaona.

Mtego ni huu: do ya kwaya inahama, freti hazihami. Ukienda G, do inakuwa uzi wa 3 wazi, na t ya chini yake inaangukia uzi wa 4 freti ya 4. Mtu aliyekariri kwamba "uzi wa 4 wazi ni re" amepotea, kwa sababu sasa ni so. Kwa hiyo mahali kwenye gitaa paite kwa herufi, A, B, C, na solfa iache ifanye kazi ya sikio. Mambo mawili, majina mawili.

Kwenye mistari mitano jifunze kwanza nyuzi sita zilizo wazi, uzitumie kama nguzo. Uzi wa 1, E, unakaa nafasi ya juu kabisa kati ya mistari. Uzi wa 2, B, ni mstari wa katikati. Uzi wa 3, G, mstari wa pili kutoka chini. Uzi wa 4, D, unaning'inia chini ya mstari wa kwanza. Uzi wa 5, A, uko kwenye kijistari cha pili cha nyongeza huko chini, na uzi wa 6, E, chini ya kijistari cha tatu. Noti nyingine zote ziko kati ya nguzo hizo. Noti tano mpya kwa wiki zinatosha, usizirundike.

Ujue pia gitaa linalia oktavu moja chini ya linavyoandikwa, kama tenor anavyosoma mstari wa soprano na kuimba kwa sauti ya kiume. Usishangae kinanda kikikupinga.

Muda ndio mgumu zaidi. Kwenye solfa nukta mbili zinakutenganishia mapigo, na kistari kinakuambia shikilia. Kwenye nota hakuna kitenganishi, umbo la noti lenyewe ndilo linalobeba muda: duara tupu bila mkia mapigo manne, tupu lenye mkia mawili, lililojazwa lenye mkia moja, hiyo ni pale pigo linapohesabiwa kwa noti ya robo. Kabla ya kushika gitaa piga makofi mistari minne, ukihesabu kwa sauti. Ndipo upige.

Uyole_Asubuhi

Dada, hapo kwa G umenifungulia mlango, nilikuwa nimeshaanza kukariri kwa solfa. Nashukuru sana.

Gitaa nimelichukua. Rula ya fundi juu ya freti ya 2, 3 na 4 imetulia, haichezi. Bado uzi wa 3 freti ya 2 unatoa zzz, hasa asubuhi. Na nyuzi mpya nilizofunga jana zinashuka kila baada ya dakika kumi.

Vidole_Vinne (Njombe)

Nyuzi mpya za nailoni hunyumbuka siku tatu hadi tano, hakuna kosa. Tyuni mara nne au tano kwa siku, kila mara ukipandisha kutoka chini. Ukipitiliza, shusha chini ya sauti halisi kisha upande tena, ili meno ya funguo yakae yamekaza. Kwenye daraja hakikisha nyuzi tatu za nailoni tupu umezipitisha mara mbili au tatu chini ya fundo lake, na mkia wa mwisho umebanwa nyuma ya ukingo wa daraja, si juu yake. Ukiwa juu uzi unateleza wote na ncha yake inachana ubao. Zile za besi mara moja inatosha.

Huo mlio, kama freti ziko sawa, ni mahali unapoweka kidole. A kwenye uzi wa 3 watu waliotoka kwenye kodi huibonyeza katikati ya freti mbili, kwa sababu kwenye Am kidole kinagombea nafasi na mwenzake. Kisogeze mpaka kikaribie chuma cha freti ya 2, bila kukipanda. Uzi wa 3 ndio mnene na mlegevu kuliko zile nyingine mbili za nailoni, kwa hiyo ndio wa kwanza kulalamika. Asubuhi kwa sababu vidole ni vya baridi na havihisi freti iko wapi. Shika kikombe cha chai ya moto dakika tatu, kausha mikono, halafu piga nyuzi wazi dakika tano kabla ya kubonyeza chochote.